Wakwe Waliponiopoa Ziwani

Nimelikalia jambo hili muda mrefu nikidhani litajifia lenyewe, lakini mji wa Musoma hausahau. Juzi tu nimekwenda kununua spoku na tyubu, muuzaji akanitazama mara moja, akanitazama mara ya pili, halafu akamwita mke wake atoke stoo: "Mama nanii, njoo umwone yule bwana wa kitenge!" Basi nimeona bora nisimulie mwenyewe, maana wengine wakisimulia wanaongeza chumvi, na chakula hiki chumvi ilishazidi tangu jikoni.

Mimi ni fundi baiskeli pale Butiama. Shule niliiacha kidato cha pili, mwaka ule tulipomzika baba na miezi michache baadaye mama, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na Nyangeta wa miaka kumi na Pendo ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na mtu huwezi kukaa darasani unachora ramani ya mito wakati nyumbani kuna watu wanasubiri uji. Baba mdogo alikuja siku ya matanga, akaondoka na baiskeli ya marehemu pamoja na ahadi ya kurudi, na mpaka leo tunachojua ni kwamba anaishi Mugeta na afya yake ni nzuri. Sisi tukabaki watatu, tukaishi, tukakua. Nyangeta akawa fundi cherehani, Pendo akawa mdomo (yuko kidato cha nne, lakini mdomo wake ulishamaliza chuo).

Sasa Nyangeta akapata mchumba. Kijana mzuri, anaitwa Majura, kwao Kibara, watu wa ziwani kabisa, yeye anatengeneza injini za boti Musoma. Wakaja kujitambulisha wakiongozwa na mjomba wake, Mzee Mafuru, mtu mrefu mwenye boti zake na sauti ya kuitia watu ng'ambo. Nilivaa koti. Nilichinja jogoo. Nilikaa kwenye kile kiti cha baba ambacho kwa kawaida tunawekea redio. Mzee Mafuru akala, akanawa, akashukuru vizuri sana, halafu akatazama mlangoni kama mtu anayesubiri mgeni mwingine, akasema:

"Kijana, umetupokea, Mungu akubariki. Sasa mwenye nyumba tutamwona lini?"

"Mwenye nyumba ni mimi, mzee."

"Ndiyo, ndiyo, wewe ndiye kaka mtu, tumekuona. Nauliza wa kuzungumza naye. Hakuna baba mdogo?"

Hapo lazima niwaeleze kitu, kwa wale ambao kwao si hivi. Kaka wa bibi harusi ni shemeji, na shemeji ni mtu wa utani, unampiga kibao cha mgongo, unamwambia ana miguu kama ya korongo, mnacheka. Lakini baba wa bibi harusi ni mkwe. Mkwe hataniwi, hakaribiwi ovyo, ukimwona njiani unapisha, na ndiye anayekaa kwenye kiti siku ya kuzungumza mahari. Sasa mimi niliyewabeba hawa watoto mgongoni, niliyejifunza kusuka nywele kwa sababu mwalimu alimrudisha Pendo nyumbani na kichwa chake cha matimutimu, niambiwe siku hiyo nikae pembeni kwenye mkeka na kiti akalie mtu wa Mugeta? Nilikitaka kile kiti. Nakiri. Nilikitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Nikawa bado natafuta jibu la heshima, Majura, ambaye muda wote alikuwa ameinamisha kichwa, akamnong'oneza mjomba wake kwamba wasipange kikao Jumamosi inayofuata kwa sababu ana mashindano Musoma, yale ya michezo mitatu (wenyewe wanaita trayathloni, unaogelea ziwani, ukitoka unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia, na yote hayo hufukuzwi na mtu). Mzee Mafuru akafurahi.

"Huko ndiko mwanamume anaonekana! Ninyi wa huku juu sijui mnaonekana wapi, maana maji yenu yote yanakaa kwenye ndoo."

Wakacheka wote. Na nyuma ya pazia nikamsikia Pendo naye anacheka. Nadhani ni kile kicheko cha nyuma ya pazia kilichonimaliza, kwa sababu nilijisikia nikisema, kwa sauti tulivu kabisa ya mtu mwenye akili zake:

"Hata mimi nimejiandikisha."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na kuogelea unajua?"

"Tangu utotoni." (Utotoni mwangu niliogea kwenye beseni.)

Mzee Mafuru akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike. "Basi vizuri. Boti yangu imeombwa ikae majini kulinda waogeleaji, kwa hiyo nitakuona. Tukitoka hapo tutajua tuzungumze na nani."

Jioni hiyohiyo ikabidi nijiandikishe kweli, kwa simu ya Pendo. Kulikuwa na swali moja pale: Je, unajua kuogelea? Pendo akasimamisha kidole.

"Kaka, niweke ndiyo?"

"Weka ndiyo."

"Kaka."

"Pendo, weka ndiyo."

Nikawa na wiki moja. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali, mihogo imekunja majani, mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme. Mtu mwenye busara angefanya mazoezi alfajiri, lakini alfajiri ndiyo wateja wangu wanaleta baiskeli ili wawahi maziwa na shamba, kwa hiyo nafasi niliyokuwa nayo ni saa saba mchana, saa ambayo hata mjusi anatembea kwa miguu miwili kwa zamu.

Jumatatu nikaanza na kukimbia. Nikatoka dukani nikashika njia ya kushuka bondeni, mbio nzuri tu, nikaona watu wanasimama mashambani wananitazama, nikajisemea kumbe watu wanapenda michezo. Mbele kidogo nikasikia vishindo nyuma yangu. Nikageuka, nikaona vijana wawili wanakuja mbio, nikawapungia mkono. Baadaye wakawa sita. Nikaongeza mwendo, nao wakaongeza, nikaona raha ya ajabu, nikasema hii sasa ndiyo timu. Tulipofika mtoni nikasimama kupumua, ndipo nikaona kwamba timu yangu imeshika mapanga, pinde na fimbo, na Mzee Wanzagi, ambaye goti lake lina miaka kumi halijakunjwa, amefika naye akiwa na mkuki.

"Zimeelekea wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Ng'ombe!"

"Ng'ombe gani?"

"Si tunakuuliza wewe! Ng'ombe za nani zimeibiwa?"

Nikawaambia hakuna ng'ombe, nafanya mazoezi. Tukatazamana, watu wanane tunaotoka jasho juani bila sababu. Mzee Wanzagi akachomeka mkuki ardhini akauegemea.

"Magige, mtu mzima hakimbiagi hivi hivi. Kama huna wezi na huna moto, unatembea."

Nikarudi nikitembea. Siku iliyofuata nilikimbilia nyuma ya nyumba, kuzunguka choo, mizunguko mia moja, Pendo akihesabu huku akisoma, na kila akifungua ukurasa mpya anasahau tulipofika anaanza upya.

Jumatano ikawa siku ya baiskeli, na hapo sikuwa na wasiwasi, baiskeli ndiyo kazi yangu. Baiskeli yenyewe ni ile ya chuma, ya mizigo, kubeba magunia inaweza, kupaa haiwezi, lakini niliifungua yote nikaipaka grisi nikaifunga tena, nikapiga pedali Butiama mpaka Kyabakari, Kyabakari mpaka Bunda, lami inawaka mpaka mbele unaona kama kuna maji na ukifika hayapo. Bunda nikasimama kwenye genge ninywe maji. Kabla sijameza nikasikia baiskeli imeshuka nyuma, puu, nikageuka, kuna mama mmoja mnene mwenye heshima zake amekaa kwenye keria, jogoo kwapani.

"Nipeleke stendi, mwanangu."

"Mama, mimi nafanya mazoezi."

"Fanya taratibu, huyu jogoo ana kizunguzungu."

Sasa mama mtu mzima ameshakaa, utamwambia ashuke? Nikampeleka. Stendi akanionesha mwenzake mwenye gunia la makopa ya mihogo, naye nikampeleka. Nilikaa Bunda saa mbili nikipeleka wazazi wa watu, na katika kuzunguka huko nikapita kwenye mitumba nikanunua bukta ya kuogelea, nyekundu, kitambaa laini kinachoteleza, ya mtu aliyekuwa mnene sana kuliko mimi. Ingeweza kupunguzwa, mdogo wangu si ni fundi cherehani? Lakini ningempaje Nyangeta bukta yangu apime kiuno? Mimi ni baba yake! Nikaifunga kiunoni kwa ukanda wa mpira wa tyubu, kama ninavyofunga kila kitu hapa duniani.

Alhamisi na Ijumaa zikabaki za maji. Kutoka Butiama kwenda ziwani ni mbali, na huko ningeonekana, kwa hiyo nikaenda kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Kiangazi kile lambo lilikuwa limebaki kidimbwi, maji yananifika kiunoni, rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wamesimama upande wa pili wananitazama bila kupepesa. Nikalala kifudifudi. Nikapiga miguu. Na jamani, nikaenda! Sitanii, nilivuka lambo lile kutoka upande mmoja hadi mwingine, maji yanaruka, ng'ombe wanapisha, nikasimama nimepakaa tope mpaka masikioni, nimeinua mikono kama mshindi.

Pendo alikuwa amekaa ukingoni na mwavuli. "Kaka, unaogelea au unatambaa?"

"Unauliza nini wewe, hujaona nimevuka?"

"Nimeona. Ila mikono yako ilikuwa inashika chini."

Nikamwambia hiyo ndiyo staili yangu. (Na ilikuwa kweli. Mkono unazama, unashika tope, unajivuta, mkono wa pili unazama, unashika tope, unajivuta. Niliamini kabisa kwamba kuogelea ndiko huko, na kwamba wale wanaoogelea ziwani wana mikono mirefu.) Nilivuka lambo mara kumi Alhamisi na mara ishirini Ijumaa, na Ijumaa jioni nilikuwa nimeshajiona wa tatu au wa nne hivi.

Usiku ule tukila, Nyangeta akaweka kijiko chini. "Kaka, acha. Mimi ninajua nani amenilea."

"Wewe unajua," nikamjibu. "Wao hawajui."

Aliinuka akaninyooshea shati la kuvaa asubuhi.

Jumamosi Musoma ilijaa. Kulikuwa na turubai, spika kubwa, mtangazaji mwenye kipaza sauti asiyepumua, baiskeli nyembamba kama panzi zimepangwa mstari, na katikati yake baiskeli yangu ya chuma imesimama kama ng'ombe kati ya mbuzi. Ndani ya maji boti tatu, na kwenye ile ya kati Mzee Mafuru amesimama, kofia pana, mikono nyuma, na kijana wake kwenye injini. Nyangeta na Pendo walikuwa mbele kabisa kwenye kamba, Pendo ameshika mfuko wenye suruali na shati langu. Majura aliponiona alisogea pembeni akainamisha kichwa, kama inavyompasa mtu kwa mkwe wake, nikasema moyoni, huyu mmoja ameshanipa kiti, bado mjomba.

Tukapewa namba za kufunga kwenye baiskeli, na kamba waliyotoa ilikuwa uzi tu. Fundi baiskeli afunge kitu kwa uzi mbele za watu? Nikaufungua ule mpira wa tyubu kiunoni, nikaifunga namba yangu ikakaa imara, haitikisiki hata kwa nyundo, na bukta nikaishika kwa mkono, nikisema nitatafuta kamba nyingine. Filimbi ikalia.

Watu wakaingia majini mbio, na mimi nikaingia mbio, mkono mmoja bukta, mkono mmoja heshima. Nikalala kifudifudi. Mkono ukazama, ukashika mchanga, nikajivuta. Mchanga wa ziwa ni mzuri kuliko tope la lambo, unashikika, nikaenda kwa kasi ambayo mimi mwenyewe sikuitegemea, nikampita mtu, nikampita wa pili, nikamsikia mtangazaji akisema, "Oneni huyu wa bukta nyekundu, staili mpya hii!" nikamsikia Pendo akipiga kelele jina langu, nikainua kichwa nimwone Mzee Mafuru, nikamwona ananitazama, nikashusha mkono kwa nguvu nijivute tena, nikaitafuta ardhi, ardhi haipo.

Nikashusha mkono wa pili, ule wa bukta. Haipo. Nikashusha miguu, nayo ikaenda chini kama ndoo ya kisimani.

Kilichofuata sikikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka nilikunywa maji mengi sana, nakumbuka niliona kijani, nakumbuka nilipiga mateke kama punda, na nakumbuka waziwazi kabisa kitu laini kikiteleza mapajani, magotini, kwenye vidole, kikaenda zake. Halafu mkono mgumu ukanishika kwapani, wa pili ukanishika nywele, nikavutwa juu kupita ubavu wa boti kama sangara, nikaanguka ndani kati ya maboya na makopo, nimelala chali, jua lote la kiangazi linanimulika, sina hata uzi.

Nikafumbua macho. Mzee Mafuru alikuwa ananitazama. Tukatazamana kwa muda wa pumzi moja. Halafu mzee yule akatoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga kaa la moto, akageuka akanipa mgongo, akajifunika uso kwa kofia.

"Mama wee! Usitazame!" akamwambia kijana wa injini. "Geuka! Geuka haraka!"

"Mzee, nikigeuka boti inaenda wapi?"

"Geuka nimesema!"

Yule kijana akageuka. Kwa hiyo mnielewe vizuri: boti inakwenda, injini imewaka, mwenye boti ameziba uso, mwenye injini anatazama nyuma, na mtu pekee anayetazama mbele ni mimi, ambaye nilikuwa natapika. Tukazunguka mara mbili. Tukagonga boya la kugeuzia waogeleaji. "Kulia, mzee, kulia!" nikasema, na yeye bila kugeuka akanirushia kitu cha kujifunika, nikakidaka kwa shukrani, nikakuta ni wavu. Nikapapasa, nikapata koti la kuokolea, lile la rangi ya machungwa, nikalivaa kwa chini, miguu nikaipitisha pale inapopita mikono, nikafunga vifungo vyote vitatu. Boti ikapanda mchangani yenyewe, mbele ya turubai, mbele ya spika, mbele ya Musoma nzima.

"Na mshiriki wa kwanza ametoka majini!" mtangazaji akasema, halafu kwa mara ya kwanza siku hiyo akakosa maneno.

Nyangeta hakucheka. Alipita chini ya kamba, akavua kitenge alichojitanda, cha maua ya manjano, akanizungushia, akakifunga ubavuni kwa fundo la kike ambalo halifunguki. Mimi sikuweza kumtazama usoni. Nilichotaka ni kuondoka tu, na nikitaka kuondoka mahali nina njia moja ninayoijua. Nikapanda baiskeli yangu.

Kumbe waandaaji walikuwa wamemkodi kijana wa bodaboda mwenye bendera nyekundu na king'ora, wakamwambia mtu wa kwanza kupanda baiskeli, wewe mtangulie umfungulie njia. Naye ni mtu wa kutii. Nikasikia wiiuu, wiiuu mbele yangu, magari yanasogea pembeni, watu wanatoka madukani, wanafunzi wanapiga makofi, "Wa kwanza! Wa kwanza huyo!" na mimi kitenge kinapepea, maji ya ziwa yananitoka puani, napiga pedali nikikimbia aibu, na aibu yenyewe imenitangulia na king'ora. Mama mmoja alinimwagia maji kichwani kunipoza akapiga vigelegele. Nikasema asante. Ningefanyaje?

Pale Bweri ndipo walipopanga baiskeli zigeuze. Kijana wa bendera akageuza. Mimi nikanyoosha.

"Bro, kona! Kona ni hapa!" akanifuata. "Unaenda wapi?"

"Butiama."

"Na mashindano?"

"Waendelee tu."

Nilifika nyumbani jioni, ngozi ya mabega imebabuka, mapaja hayataki kukutana. Nikajifungia chumbani. Pendo na Nyangeta waliporudi nilisikia nyayo zao zikisimama mlangoni, na hata Pendo hakusema neno, nikajua basi mambo ni mabaya kweli. Nililala nikimpangia baba mdogo namna atakavyokaa kwenye kile kiti, nikaamua hata chumba nitampisha.

Jumapili baada ya Misa (sikwenda, nilijua watu wangeniombea kwa sauti), nikasikia mbuzi analia nje. Sisi hatuna mbuzi. Pendo akaja mlangoni.

"Kaka, wakwe wamekuja. Wamesimama nje ya uzio, wamegeukia barabarani. Hawataki kuingia."

"Waambie baba mdogo hayupo, wamfuate Mugeta."

Akaenda. Akarudi. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mzee anasema baba mdogo wa nini. Anasema atoke mwenyewe aliyeopolewa."

Nikatoka. Nilitoka natembea kama mtu aliyepanda ng'ombe tangu kuzaliwa, miguu huku na huku, nimevaa koti juu ya shuka. Mzee Mafuru alikuwa amesimama na Majura na kaka mkubwa mmoja wa ukoo wao, wote wamenipa mgongo, kamba ya mbuzi mkononi. Akazungumza akiwa amegeukia barabarani, na ile sauti ya kuitia ng'ambo ilikuwa imeshuka kabisa.

"Jana tumeona kisichoonwa. Si kwa kupenda, ilikuwa kuokoa roho, lakini macho hayajui sababu. Kwetu sisi aliyemwona mkwe wake bila nguo hapiti tena mlangoni kwake mpaka alete mbuzi. Na kwenu naambiwa ni hivyo hivyo. Basi tumeleta. Pokea, baba, ili tuweze kugeuka."

Nikasimama. Nikajua nimesikia vizuri lakini nikaogopa. "Mzee, Jumapili iliyopita uliniambia mimi ni kaka mtu. Kaka mtu ni shemeji, na shemeji halipiwi mbuzi."

Mabega ya yule mzee yakatikisika, sijui alikuwa anacheka, sijui anakohoa. "Ungekuwa shemeji, jana ningecheka mpaka boti izame. Nilitaka kucheka, Mungu ananiona. Nimegeuka kabla sijajua kwa nini nimegeuka. Nikawaza usiku kucha, mtu asiyejua maji, kuingia ziwani vile, kwa ajili ya kiti tu? Huyo si kaka. Kaka hafi kwa ajili ya kiti. Pokea mbuzi, mgongo unaniuma."

Nikapokea kamba. Wakageuka. Majura alikuwa bado ameinamisha kichwa, lakini niliona midomo inavyomhangaisha. Nyuma yangu, jikoni, nikasikia sufuria imeanguka, na Nyangeta akilia kile kilio cha mtu ambaye anacheka.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Wapo vijana hapa Butiama wameshaanza kusema kwamba Magige alipata heshima kwa ushujaa. Hapana. Magige alipata heshima kwa kuopolewa na mtu mwenye adabu, na hiyo si njia ya kumshauri mtu, kwa sababu wenye adabu ni wachache na ziwa ni kubwa. Ningeweza kumjibu yule mzee siku ile ya kwanza, kwa maneno matano tu, kwamba mimi siogelei lakini hawa nimewalea, na labda angenisikia. Sikusema kwa sababu mtu alicheka nyuma ya pazia. Nimeapa, mbele ya Pendo akiwa shahidi na kwa maandishi yake kwenye daftari, kwamba kitu nisichokijua nitasema sikijui, na kwamba maji yanayopita goti nitayaangalia tu.

Siku ya harusi Kibara, wakwe walituma ujumbe kwamba tuvuke kwa boti kutokea upande wa Majita, njia ni fupi, tutafika na nguo safi. Nyangeta na wasindikizaji wakavuka. Mimi nikapanda baiskeli yangu nikazunguka Bunda, suti mwilini, jua lilelile kichwani, nikafika Kibara nimechelewa mno, nimekuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Nilidhani nitakuta wameshaanza kula. Nikakuta watu wote wamekaa kimya, wali umepoa, muziki umezimwa, na Mzee Mafuru amesimama barabarani ananitazamia, kwa sababu sherehe haiwezi kuanza kabla baba wa bibi harusi hajakaa.